Mzee wa Kiayalandi ninayemlea hajasemeshana na mdogo wake tangu 1991 na wanaishi jirani. Undugu wa hawa watu ukoje?

BintiKagera

Habari za humu wakuu. Naomba wenye ujuzi wa historia za watu wa huku wanisaidie maana nimechoka kuwaza peke yangu. Nipo Ayalandi, magharibi kaunti ya Clare, mwaka wa pili sasa, kazi yangu kulea wazee majumbani. Kuna mzee mmoja (jina na kijiji nabaki navyo) ana miaka 87, hajawahi kuoa, anaishi peke yake kwenye nyumba ya baba yake, shamba lipo ila ng'ombe alishauza. Mtu mpole, ana stori, na chai ya maziwa anakunywa kuliko hata watu wa kwetu.

Sasa shida ni ndugu zake. Walizaliwa 9. Wengi waliishia Amerika na Uingereza na wengine wameshatangulia, dada mmoja alikuwa sista wa kanisa akafia kwenye utume, na mdogo wake mmoja wa kiume yupo hapahapa, ukisimama dirisha la jikoni unaona moshi wa nyumba yake. HAWAJASEMESHANA TANGU 1991. Kanisani Jumapili huyu anakaa kushoto yule kulia. Nikamuuliza kulikoni mzee wangu, akajibu neno moja tu, "ardhi", akaomba nimuongezee chai.

Halafu huyohuyo ana dada yake Boston, bibi wa miaka 90, anapiga simu kila Jumapili jioni bila kukosa na wakianza kuongea utadhani watoto wa darasa la pili, wanacheka mpaka natoka nje niwaachie nafasi. Ndo nauliza, hawa watu wana undugu au hawana? Mbona wa mbali ndo wanapendana na wa karibu wananuniana hivi? Na kwanini watoto 9 wabaki wawili, na huyo aliyebaki na shamba ndo asioe? Kwetu aliyeachiwa shamba ndo anatafutiwa mke fasta. Msinijibu "wazungu ndo walivyo", hilo nimeshalisikia.

MwalimuMstaafu

Binti, mzee kakujibu vizuri kabisa kwa neno moja, sisi ndo tutarefusha. Kaa mkao wa kula.

Zamani watu wa huko walikuwa wanagawa mashamba kama sisi tu. Baba ana ekari zake chache, ana vijana wanne, kila mmoja anakatiwa kipande anajenga kibanda anaoa mapema, kwasababu kiazi (hiki hiki tunachokiita kiazi ulaya) kinaweza kulisha familia nzima kwenye kipande kidogo cha ardhi mbovu. Na kugawa huko kulishawahi kutumika kama silaha ya kisiasa. 1704 utawala wa Kiingereza ulipitisha sheria kwamba Mkatoliki akifa ardhi yake igawanywe sawa kwa watoto wote wa kiume, LAKINI mkubwa akikubali kuhamia kanisa la serikali anabeba yote yeye. Yaani wametegewa mtego mezani kwao wenyewe, baba anamwangalia mwanae wa kwanza anajiuliza huyu atatuuza au hatuuzi. Kifungu hicho kilikuja kulegezwa 1778.

Sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8 na ushee kisiwa kizima. 1845 ukaingia ugonjwa wa viazi, shamba unaliona kijani leo, baada ya siku chache linanuka. Mpaka 1852 watu kama milioni 1 wamekufa kwa njaa na maradhi yanayofuatana na njaa, na wengine zaidi ya milioni 1 wamepanda meli. Sensa ya 1851 wamebaki milioni 6 na nusu hivi. Waliokufa wengi ni walewale wa vipande vidogo.

Waliobaki wakaapa shamba halikatwi tena. Kuanzia hapo shamba zima linaenda kwa mtoto MMOJA, na sio lazima mkubwa, baba ndo anachagua na anachagua siku akijisikia, mwingine ana miaka 70 na kitu bado hajatamka. Binti mmoja anatafutiwa fedha ya kuolewa. Waliobaki wote, wawe 4 wawe 8, safari. Mtoto anakua anajua kabisa kwenye hii nyumba mimi ni wa kuondoka. Na baada ya sheria ya 1903 iliyowakopesha wakulima pesa za serikali wanunue ardhi kutoka kwa mabwanyenye, baba hakuwa tena mpangaji, akawa mwenye mali. Hapo nguvu yake juu ya watoto ikazidi.

Miaka ya mwanzo ya 1930 watafiti wawili wa Harvard, Conrad Arensberg na Solon Kimball, walikwenda kukaa hukohuko Clare uliko wewe. Wakakuta jambo la ajabu: mwanaume wa miaka 45, mvi kichwani, anaitwa "kijana", kwasababu baba yake bado hajamwachia shamba. Anafanya kazi zote yeye, siku ya mnada wa ng'ombe anawapeleka yeye, ila bei anaongea baba na hela inaingia mfuko wa baba. Sasa mtu huyo ataoa saa ngapi?

mama_watatu

Mwalimu ubarikiwe ila umesema binti anatafutiwa fedha ya kuolewa?? Yaani anayelipa ni upande wa mwanamke? Hebu fafanua hapo maana mimi nina watoto wa kike watatu na nimeanza kutokwa jasho 😅

MwalimuMstaafu

Ndio, mama, baba wa binti ndo anatoa. Inaanza mshenga, anakwenda kwa baba wa kijana, wanakutana sehemu ya pombe au nyumbani kwa mtu, wanavutana bei wee. Halafu upande wa binti wanakwenda kulitembelea shamba, wanahesabu ng'ombe, wanaangalia maji, na kuna stori za watu walioazima ng'ombe wa jirani siku hiyo ili zizi lijae. Wakikubaliana wanakwenda kwa mwanasheria, inaandikwa hati. Na kwenye hati hiyo wazee wa kijana wanajiwekea haki zao: chumba chao cha upande wa magharibi, viazi kiasi fulani, maziwa, wengine hadi usafiri wa kwenda misa.

Lakini utamu uko hapa. Ile pesa aliyokuja nayo bibi harusi haiendi kwa mumewe. Inachukuliwa na baba mkwe, na baba mkwe anaitumia KUMWOZA BINTI YAKE, au kuwakatia tiketi waliobaki. Yaani pesa ya mke wa kaka ndo inamwolea wifi yake, na wifi akifika kwake pesa hiyohiyo inamtoa wifi mwingine, mnyororo unaendelea kijiji kwa kijiji. Jamii nyingi za kwetu za wafugaji ni kinyumenyume, ng'ombe za dada ndo kaka anaolea.

Sasa mnyororo ukikatika pahali pamoja wote wanakwama. Kaka haoi mpaka dada watoke nyumbani, maana hakuna mwanamke atakubali kuingia jiko lenye mama mkwe na mawifi wawili. Dada hatoki mpaka ipatikane pesa. Pesa inakuja na mke wa kaka. Haya, toka hapo! Ndo maana unakuta nyumba ina kaka wawili na dada mmoja wote wana miaka 60, hakuna aliyeoa wala kuolewa, wamezeeka pamoja wakisubiriana. Mwanzoni mwa karne ya 20 karibu robo ya watu waliofika miaka 50 hawakuwahi kuingia kwenye ndoa, ni kati ya viwango vya juu kabisa Ulaya. Na wale waliobahatika kuoa, wanazaa 7, 8, 10, na mzunguko unaanza upya.

Njoro_Finest

Mimi niko Massachusetts na hapa Wairishi ni wengi hadi mwezi wa tatu mji unakuwa kijani, wacha niongeze hiyo upande ya waliosafiri juu naona mwalimu amekazana na shamba tu.

Kwanza hawa watu wasichana walikuwa wanaondoka karibu sawa na wanaume, na wengi wanaondoka wakiwa single, miaka 18, 20, hiyo ni tofauti na Wazungu wengi wa wakati huo wenye mwanaume alikuwa anatangulia ama wanakuja familia nzima. Na nani alikuwa analipa fare? Dada. Dada mkubwa anafika New York ama Boston anaingia kazi ya hausigeli kwa matajiri, anakula na kulala hapo kwa hivyo mshahara haupotei, anasave anatuma tiketi iliyolipwa kabisa kwa mdogo wake. Huyo akifika anatuma ya anayefuata. Kuna watoto waliletwa na dada zao watano, mmoja baada ya mwingine, na mama yao hawakumwona tena. Kwa hivyo BintiKagera ukiuliza mbona wa mbali wanapendana, wale hawakuwa na shamba ya kupigania manze, walichokuwa nacho ni wao kwa wao.

Mnajua mtu wa kwanza kuandikishwa Ellis Island (kile kituo cha kupokea wahamiaji New York) ikifunguliwa tarehe 1 mwezi wa kwanza 1892 alikuwa nani? Annie Moore, msichana wa miaka 17 kutoka Cork, na alikuwa amekuja na ndugu zake wawili wadogo, Anthony na Philip, wazazi walikuwa wametangulia. Msichana wa 17 amevusha watoto bahari ya Atlantiki. Kuna sanamu yao watatu pale bandarini Cobh.

Hausigeli wa Kiayalandi walikuwa wengi hivi kwamba matajiri walikuwa wanawaita wote Bridget, hata kama jina ni ingine. Kama vile kuna mahali kila askari wa geti anaitwa Juma.

Na usiku wa mwisho kabla mtu aondoke kijijini kulikuwa na sherehe wanaiita matanga ya Amerika. Ndio, matanga, na mtu yuko hai amekaa hapo na sanduku. Wanacheza fidla, wanakunywa, alfajiri ikikaribia mama anaanza kumlilia kwa ule wimbo wao wa kulilia maiti, juu kila mtu anajua hatarudi. Halafu ndugu wanamsindikiza hadi mahali barabara inapinda.

Jambo ingine ilinishangaza ni majina. Kijana wa kwanza anapewa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Exactly kama sisi Wakikuyu! Ila kwa wasichana wao wanaanza na nyanya mzaa mama, sisi tunaanza na mzaa baba. Na mtoto akifa anayezaliwa baadaye anaweza kupewa lile jina lake.

Msomaji_wa_Pwani

Naongeza kidogo la lugha halafu nakaa pembeni. Kigaeli chao neno la kaka ni deartháir na dada ni deirfiúr. Ukilivunja la kaka unakuta ndani yake "bráthair" limetanguliwa na neno la kale lenye maana ya "hasa, wa kweli". Kwanini? Kwasababu bráthair peke yake lilishapanuka likawa la jamaa yeyote wa ukoo, na leo bráthair ni bruda wa kanisani, ikabidi wabuni neno la kumtenga yule wa tumbo moja. Si ndo yaleyale ya ndugu yetu? Ndugu ni mtoto wa mama, ni binamu, ni mwanachama wa chama, ni msafiri wa kwenye basi, mpaka useme ndugu wa toka nitoke ndo unaeleweka.

Na enzi za machifu wao mtoto alikuwa anapelekwa kulelewa nyumba nyingine toka mdogo, akitoka huko ana ndugu wa kulelewa ambao mara nyingi walikuwa karibu naye kuliko wa damu, maana wa damu ndo anaogombea nao uchifu. Undugu huo uliwatisha Waingereza mpaka 1366 wakatunga sheria pale Kilkenny kuwakataza watu wao wasilee wala kulelewa wala kuoana na Wairishi. Ni kama ndugu wa kunyonya kwetu sisi Waislamu, damu haipo ila heshima ipo.

Kisu_Kikali

Mnapamba sana jamani, utadhani walikuwa wanapendana tu halafu ardhi ikaharibu. Siasa nayo iligawa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe 1922 hadi 1923, chukua ndugu wawili wa Cork, Tom Hales na Seán Hales. Walipigana pamoja dhidi ya Mwingereza. Ukaja mkataba wa amani na Mwingereza, Seán akaukubali, Tom akaukataa. Agosti 1922 Michael Collins, mkuu wa jeshi la upande wa mkataba, anauawa Béal na Bláth hukohuko Cork na Tom ni mmoja wa viongozi wa kikosi kilichomvizia. Disemba Seán, ambaye ni mbunge, anapigwa risasi Dublin na upande uleule wa kaka yake. Miezi minne tu hapo.

Na mjini je? Huko hakuna hata shamba la kugombea. Dublin kuna mtaa wa Henrietta, majumba makubwa ya mabwana wa zamani yalikatwakatwa yakapangishwa chumba chumba. Nyumba namba 14 peke yake mwaka 1911 ilikuwa na watu 100, leo ni makumbusho. Watoto sita kitanda kimoja, vichwa huku miguu kule, na dada mkubwa wa miaka 10 ndo mama wa wadogo.

Halafu msisahau ndugu ambao hawakujuana kabisa. Mama akifa au familia ikiwa fukara mahakama inawapeleka watoto kwenye shule za watawa, wavulana huku wasichana kule, mtu anakua hajui kama ana dada. Na binti akipata mimba nje ya ndoa anafichwa kwenye nyumba maalum. Ripoti ya tume iliyotoka Januari 2021 ilihesabu kina mama kama 56,000 na watoto kama 57,000 waliopita kwenye nyumba hizo ilizozichunguza, kati ya 1922 na 1998. Wengi walitolewa kwa watu wengine. Sheria ya kuwaruhusu wapate vyeti na taarifa zao zote imekuja 2022, mtu ana miaka 70 ndo anagundua ana kaka yupo Galway. Sasa hapo undugu unauita nini?

mama_watatu

Kisu umeniliza asubuhi yote hii. Ila swali, haya mambo ya watoto 9 yameisha lini? Maana nilisikia sasa hivi wanazaa wawili kama wengine tu.

MwalimuMstaafu

Yameisha juzi tu. Uuzaji wa uzazi wa mpango ulipigwa marufuku 1935, ukaanza kuruhusiwa kwa sheria ya 1979 na hapo kwa cheti cha daktari. Miaka ya 1960 katikati mwanamke wa kule alikuwa kwa wastani anazaa watoto 4, leo ni mmoja na nusu. Sekondari ya bure imeanza 1967, kabla ya hapo ada ya wadogo mara nyingi ilitoka kwenye bahasha ya dada wa Amerika au mshahara wa dada mwalimu. Na huyo dada mwalimu wa shule ya msingi akiolewa anaachishwa kazi, ilikuwa hivyo kuanzia 1934 mpaka 1958, kwa wafanyakazi wa serikali mpaka 1973. Kwahiyo akiolewa, wadogo zake hawasomi. Huyo naye unadhani aliolewa?

Kuhusu mzee wako Binti, mimi nabashiri ni wosia. Mpaka 1966 baba wa huko angeweza kuandika wosia akamnyima hata mkewe senti. Sheria ya urithi iliyoanza kazi 1967 ndo ilimpa mke theluthi akiwa na watoto, na mtoto akaruhusiwa kwenda mahakamani kulalamika. Angalia pia sensa ya 1911, hifadhi ya nyaraka ya taifa wameiweka yote mtandaoni bure, fomu zenyewe zenye mwandiko wa mkuu wa kaya. Mtafutie babu yake, wazee wanapenda.

BintiKagera

Nimerudi wakuu, samahani shifti zilinibana. Mwalimu umekosea kidogo, sio wosia!

Jumamosi mvua kubwa hatuna pa kwenda nikamwonyesha mzee huu uzi, nikamtafsiria vipande vipande. Ile ya "kijana wa miaka 45" alicheka mpaka akakohoa, akasema baba yake alimwachia shamba yeye akiwa na 44. Halafu akaanza mwenyewe bila kuulizwa. Mdogo wake alikwenda Uingereza 1957 kufanya ujenzi (nimeangalia, miaka ile ya 50 waliondoka watu kama laki 4 nchi hii) akakaa huko miaka 34. Karudi 1991 na hela. Kulikuwa na shamba dogo la jirani linauzwa kwa mnada, ndo lenye maji mazuri, mzee alikuwa analisubiri miaka 20 yule jirani afe. Mdogo wake hakusema kitu, akaenda mnadani, akapandisha bei, akachukua. Ndo hapo alipojenga, ndo ule moshi.

Nikamwambia lakini mzee yeye hakupewa chochote na baba. Akanijibu "alipewa tiketi. Mimi nilipewa mama wa kumuuguza miaka kumi na moja." Nikanyamaza. Nadhani kila mmoja anaona mwenzake ndo alipendelewa.

Tukafungua hiyo sensa. Tumeipata nyumba hii hii, tarehe 2 Aprili 1911, baba yake ana miaka 10. Kuna sehemu bibi yake kaandikiwa watoto aliozaa hai 11, walio hai 9. Mzee akaanza kuwahesabu baba zake na mashangazi kwa vidole, huyu Chicago, huyu Boston, huyu alikuwa padri, wote akawapata isipokuwa mmoja, Bridget, miaka 4. Akasema huyo hakuwepo, hajawahi kumsikia, labda alikufa baadaye. Akakosa raha kabisa, mtoto wa watu amekaa kwenye karatasi miaka zaidi ya 100 hakuna anayemjua.

Jumapili simu ya Boston ilipoingia jambo la kwanza akamuuliza dada yake. Bibi akacheka kwenye simu mpaka nikasikia mimi niliyeko jikoni. "Huyo si shangazi Delia!" Kumbe alipofika Amerika akalibadili jina, kwa sababu ileile aliyoisema Njoro, kila hausigeli anaitwa Bridget na yeye hakutaka. Delia huyo ndo alimtumia tiketi dada wa mzee 1953. Kila Krismasi walikuwa wanapokea kifurushi chake hapa nyumbani na mzee ameshika mkononi barua zake, ila jina la kubatizwa hakulijua.

mama_watatu

Jamani Delia 😭 Na yule wa moshi je, umemwambia mzee amwonyeshe hiyo karatasi? Na yeye si shangazi yake?

BintiKagera

Bado mama, sijathubutu. Jana wakati naondoka nilimkuta mdogo wake anafunga geti lake, nikampungia mkono, akanipungia. Leo asubuhi hata sijavua koti mzee ananiuliza, jana ulikuwa unampungia nani pale barabarani? Na anajua vizuri tu ni nani, maana pale barabarani kuna geti moja.